Daftari la Ushirika na Kinga Yake: Toka Leja ya Wino hadi Seva

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, yafaa wanachama wakumbushwe si tani zilizouzwa tu, bali pia kitu kimoja kisichoonekana ghalani wala mnadani, nacho ni daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa kahawa wa Rungwe, wa pareto wa Umalila, wa tumbaku wa Chunya au wa mahindi wa Iringa, akisha kuufikisha mzigo wake katika chama chake cha msingi, hubakiwa na nini mkononi? Hubakiwa na maandishi. Malipo ya kwanza huyapokea angali akikumbuka uzito wa magunia yake. Malipo ya pili huyapokea miezi baadaye, mzigo ukiwa umekwisha kuvuka bahari, naye hana shahidi mwingine ila daftari. Likipotea daftari, malipo ya pili hugeuka kuwa ugomvi.

Katika Mkutano Mkuu ujao wanachama wataombwa kuamua ni kwa namna gani hesabu zetu, orodha ya wanachama na mizania ya pembejeo zitawekwa katika seva, yaani kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine, na namna gani zitakingwa na misiba. Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la mafundi. Sisi twaona sivyo. Ni jambo la kale la ushirika lililovaa nguo mpya, na anayeijua historia yake anaweza kulipigia kura bila hofu.

WINO NA KARATASI YA KABONI

Sheria ya Vyama vya Ushirika ilitungwa katika Tanganyika mwaka wa 1932, na mwaka uliofuata chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kikaanza kazi. Upande wetu wa kusini wakulima wa tumbaku wa Songea walipata chama kikuu chao, NGOMAT, mwaka wa 1936. Na baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa kahawa na mpunga wa Rungwe nao wakaungana. Vifaa vya vyama vile vilikuwa vichache: mizani, leja, kitabu cha stakabadhi, na karatasi ya kaboni.

Karatasi ile nyeusi tusiidharau. Karani aliandika mara moja, na maandishi yakatokea katika karatasi zaidi ya moja. Moja ilikwenda na mkulima nyumbani, nyingine ikabaki katika kitabu cha chama, na nyingine ikapelekwa ofisi ya juu pamoja na mzigo. Basi pasipo mtambo wo wote, habari moja ilikaa mahali patatu, mikononi mwa watu watatu ambao haja zao hazikuwa moja. Ofisi ikiungua, mkulima anayo yake. Mchwa wakila ya mkulima, ofisi inayo yake. Na karani aliyetamani kuongeza au kupunguza kilo, alijua kwamba nakala mbili nyingine zingemsuta. Hivyo kinga dhidi ya msiba na kinga dhidi ya wizi zilikuwa kitu kimoja.

Hata hivyo, wingi wa karatasi hautoshi ikiwa wasomaji ni haba. Mwaka wa 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza mwendo wa vyama vya ushirika na bodi za mazao, ikaona miongoni mwa kasoro kwamba wanachama hawakuelewa vya kutosha mambo ya vyama vyao, na kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilikuwa kimekwisha kufunguliwa mwaka wa 1963 kwa ajili ya haja hiyo hiyo. Funzo la miaka ile ni hili: daftari linalosomwa na mtu mmoja tu ni hatari, hata likiwa na nakala kumi.

KUVUNJWA NA KUFUFUKA

Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao. Mwaka wa 1982 sheria mpya ilivirudisha, na katika mwaka huo huo likaundwa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO. Zikafuata sheria za mwaka wa 1991, wa 2003 na wa 2013. Na hii ya mwisho ndiyo iliyoleta Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mipaka nayo ilihama: mwaka wa 2012 Njombe ilitengwa na Iringa ikawa mkoa, na mwaka wa 2016 Songwe, pamoja na Mbozi yenye kahawa nyingi, ilitengwa na Mbeya.

Chama kinapofufuka baada ya miaka, au kinapojikuta katika mkoa mwingine, swali la kwanza halihusu bei. Swali ni: nani alikuwa mwanachama, ana hisa ngapi, anadai nini, anadaiwa nini? Wazee hufa, watumishi huhama, majengo hubadilisha wenyewe. Lenye kujibu ni daftari lililosalimika. Ndiyo maana twasema kwamba msiba wa hesabu si moto na mafuriko tu. Hata amri ya ofisi na kuhama kwa mpaka huweza kulitenga daftari na mwenyewe.

KOMPYUTA ZAINGIA NCHINI

Kompyuta ya kwanza nchini, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka wa 1965. Lakini jaribio la kuziingiza hesabu za Serikali katika mitambo halikwenda vema, na mwaka wa 1974 kuingiza kompyuta nchini kulipigwa marufuku ila kwa idhini maalumu. Zuio hilo lililegezwa hatua kwa hatua, na katika miaka ya 1990 kompyuta zikaanza kuenea maofisini. Mwezi wa Julai 1999 tungali twasubiri simu vijijini. Mwezi wa Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka wa 2010 ukafuata ule wa EASSy. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao ukapandishwa hadi mikoani, Iringa na Mbeya zikiwamo. Siku hizi Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake, MUVU, ambamo vyama huandika habari zao.

Basi leja imehamia katika mtambo. Lakini karatasi ya kaboni haikuhamia pamoja nayo. Anayeandika kwa kompyuta huandika nakala moja tu, mpaka mtu aamue kwa makusudi kutengeneza ya pili. Hapa ndipo penye kiini cha makala haya.

MASHINE NDANI YA MASHINE

Zamani desturi ilikuwa kazi moja, seva moja: moja ya hesabu, moja ya orodha ya wanachama, moja ya barua. Kila moja ilikula umeme mchana kutwa, na sehemu kubwa ya siku ilikaa bure. Dawa ilivumbuliwa mapema kuliko wengi wadhanivyo. Katika miaka ya 1960 mafundi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, Marekani, waliifanya kompyuta moja kubwa ijigawe kana kwamba ni kompyuta nyingi, kila mtumiaji akidhani anayo yake. Mwaka wa 1972 IBM ikatoa programu hiyo kwa wateja kwa jina la VM/370. Mwaka wa 1999 kampuni ya VMware ikaleta maarifa hayo katika kompyuta za kawaida. Mwaka wa 2007 programu ya KVM ikaingizwa ndani ya Linux, ambayo hailipiwi leseni. Na mwaka wa 2008 zikatoka Hyper-V ya Microsoft na Proxmox ya Austria.

Kwa Kiswahili mashine hizi huitwa mashine pepe. Mfano wake ni ghala moja lililogawanywa kwa kuta: upande huu kahawa, upande huu mbolea, na harufu ya mbolea haiifikii kahawa. Programu ya hesabu ikikwama, orodha ya wanachama yaendelea kufanya kazi katika chumba chake.

Lakini faida iliyo kubwa kwetu si kupunguza mitambo. Mashine pepe nzima, pamoja na programu zake na mapangilio yake yote, huhifadhiwa kama majalada yanayoweza kunakiliwa. Zamani seva ikifa, fundi alitafuta mtambo wa aina ile ile, akapandikiza programu moja moja, na siku zikapita huku wakulima wakisubiri. Mashine pepe yaweza kuchukuliwa ilivyo na kuwashwa katika kompyuta nyingine, hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine, mradi ina nguvu za kutosha na programu ya namna ile ile ya kuiendesha.

Tusisahau upande wa pili. Vyumba vyote vya ghala lile vina paa moja. Likiungua, vyote vimeungua. Anayekusanya seva tatu katika mtambo mmoja pasipo nakala nje ya jengo hakujikinga; amezifunga mali zake zote katika kitita kimoja. Hakuna mkulima wa nyanda hizi aliyefundishwa na wazazi wake kuweka mbegu ndani ya kihenge cha chakula. Mbegu hutundikwa mahali pengine, juu ya moshi wa jiko, ili njaa au wadudu wakiingia kihenge, msimu ujao usife.

MISIBA INAYOFUNDISHA

Wasioamini na watazame karibu. Soko la Mwanjelwa hapa Mbeya liliteketea mwaka wa 2006. Soko la SIDO, pale pale Mwanjelwa, likaungua mwaka wa 2011 na tena mwaka wa 2017. Mfanyabiashara mdogo ambaye daftari la wadeni wake lilikuwa katika kibanda kile kile chenye bidhaa alipoteza bidhaa na madeni kwa usiku mmoja. Ardhi yetu nayo si tulivu: mwezi wa Desemba 1910 tetemeko kubwa liliitikisa nchi ya Rukwa na jirani zake, nasi twakaa juu ya bonde lile lile la ufa. Radi za masika hazihitaji ushahidi.

Tutazame na kwa jirani. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililolenga ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliua watu zaidi ya 200. Jengo la Ufundi, mali ya chama cha akiba na mikopo, liliporomoka lote. Na jumba la Benki ya Ushirika ya Kenya, lililokuwa makao makuu yake, liliharibiwa vibaya. Vyama vile havikuwa na ugomvi na mtu. Vilikuwa jirani tu. Hakuna bodi iwezayo kuuchagua msiba wa jirani yake.

Wengine husema: tupeleke kila kitu katika wingu, yaani katika seva za kukodi zilizo mbali, na hofu yote itakwisha. Lakini wingu nalo ni jengo lenye paa. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVHcloud liliungua huko Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao nakala zao zilikuwa papo hapo hawakupata cha kurejesha. Tena njia ya kulifikia wingu yaweza kukatika: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini, na intaneti ikadhoofika katika Tanzania na nchi jirani. Ambaye daftari lake lilikuwa ng'ambo tu, siku hizo alikuwa nalo bila kulisoma.

Na umeme? Mwaka wa 2006, maji ya bwawa la Mtera yalipopungua, nchi nzima ilionja mgao. Nao ukarudi mwishoni mwa mwaka wa 2022 na wa 2023. Mbeya na Iringa zimefungwa katika gridi moja; giza la huku laweza kuwa giza la kule.

NJIA TATU ZILIZO MBELE YETU

Kabla ya kuchagua mtambo, bodi yapasa kujibu maswali mawili. La kwanza: tukipatwa na msiba, twaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani? La pili: twaweza kukaa muda gani bila kuhudumia watu? Mwezi wa Februari chama cha kahawa chaweza kungoja siku tatu. Mwezi wa Julai, magunia yakiwa mlangoni, siku moja ni nyingi. Majibu hayo ndiyo yanayopanga gharama, wala si maneno ya muuzaji.

Njia ya kwanza ni kila ofisi kuwa na kompyuta yake na kunakili mara kwa mara katika diski ya mkononi. Ni rahisi kwa bei, lakini hutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja, na diski hiyo aghalabu hulala katika mtoto wa meza ile ile yenye kompyuta.

Njia ya pili ni kukodi wingu kwa kila kitu. Huondoa mzigo wa mitambo na mafundi, lakini huleta ada isiyokoma, na siku waya ukikatika mizani husimama.

Njia ya tatu ni seva moja imara Mbeya yenye mashine pepe za kazi zote, na seva ya pili, ndogo kidogo, Iringa, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Kila usiku mabadiliko ya siku hiyo yapelekwe Iringa. Tufanye hesabu kwa mfano. Ikiwa majalada yote ni gigabaiti 200 na njia yetu hupitisha megabiti 10 kwa sekunde, kupeleka yote kutachukua zaidi ya saa 44. Diski iliyofungwa vema na kupelekwa kwa basi itafika mapema zaidi! Lakini ikiwa mabadiliko ya siku ni megabaiti 500, yatapita kwa muda usiofika dakika saba. Basi nakala ya kwanza na iende kwa barabara, na nyongeza za kila siku ziende kwa waya.

Sisi twaipendelea njia hii ya tatu, ikiwa na viambatisho vitatu. Kwanza, betri za dharura na jenereta au paneli za jua katika ofisi zote mbili, kwa sababu ya ile gridi moja. Pili, nakala ya tatu katika diski isiyounganishwa na mtambo wo wote, ikifungiwa sandukuni mbali na seva; maana ziko programu za kiharamia zinazoyafunga majalada na kudai fidia, nazo hufika kila mahali palipofungwa waya. Kanuni hii aliieneza Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Tatu, tusifungwe na muuzaji mmoja. Mwezi wa Novemba 2023 kampuni ya Broadcom iliinunua VMware, na mwezi uliofuata ikakoma kuuza leseni za kudumu. Wateja wengi wadogo wakalazimika kulipa kwa muda au kuhama. Wakulima wanamjua mnunuzi aliye peke yake kijijini, na walianzisha ushirika kwa sababu yake. Kabla ya kuingia mkataba wa programu yo yote, tuulize mlango wa kutokea uko wapi.

Wajumbe wajihadhari na maneno mawili ya kutuliza roho. Wakiambiwa, "Tuna diski pacha," wajue kwamba pacha hunakili kosa upesi kama anavyonakili haki: likifutwa jina huku, limefutwa na kule. Wakiambiwa, "Tumepiga picha ya mashine," waulize picha hiyo imehifadhiwa wapi; kama imo katika diski ile ile, itaungua pamoja na mwenyewe.

NAKALA ISIYOJARIBIWA SI NAKALA

Ghala halisifiwi kwa kufuli yake, bali kwa mahindi yatokayo humo yakiwa mazima. Kadhalika nakala. Twapendekeza kwamba kila miezi mitatu, mbele ya Kamati ya Usimamizi, chama kimoja cha msingi kichaguliwe kwa kura, mashine yake iwashwe Iringa kutokana na nakala, na hesabu zake zilinganishwe na stakabadhi walizo nazo wakulima wenyewe. Muda uliotumika uandikwe, na matokeo yasomwe katika Mkutano Mkuu, mema na mabaya. Maneno ya siri ya kufungulia nakala yawekwe kwa watu wasiopungua wawili katika ofisi mbili, ili ugonjwa au kuhama kwa mmoja kusituzuie kuingia nyumbani mwetu. Na kwa kuwa majina, namba za simu na madeni ya wanachama ni siri zao, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka wa 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yatulazimu kuilinda nakala kama tunavyoilinda asili.

Mwisho, ndugu wanachama, tusiitupe karatasi. Mtambo na uchape stakabadhi, na mkulima aende nayo nyumbani kama walivyofanya wazee wetu wa Rungwe na Songea. Seva ya Mbeya itaangaliwa na ile ya Iringa. Lakini zote mbili zitaangaliwa na kipande kile cha karatasi kilicho mikononi mwa mwenye mali. Siku wajumbe watakapoinua mikono yao kuamua, na wakumbuke kwamba hawanunui kompyuta. Wananunua uhakika kwamba mjane atakayekuja na stakabadhi ya marehemu mumewe kudai malipo ya pili ataonyeshwa mstari wake kitabuni, na atalipwa.